Alama niliyoifuta

Mpwa wangu alikuwa amejaza nusu ukurasa kwa penseli. Mwisho kabisa akaandika x = −8, akaizungushia duara, kisha akalitazama lile duara kama mtu aliyeokota kitu kisicho chake.

"Mjomba, hii imekataa."

Swali lenyewe lilisema: *Baba ana umri wa miaka 40 na mwanawe ana miaka 16. Baada ya miaka mingapi baba atakuwa na umri mara nne ya umri wa mwanawe?*

Nililipitia juujuu, nikafunua kurasa za mwisho za kitabu, kule kwenye majibu. Palikuwa na namba moja tu: 8.

Nikachukua kifutio, nikafuta kile kistari kilichokuwa mbele ya nane, nikapuliza vumbi la kifutio, nikamrudishia daftari lake.

"Umekosea alama mahali fulani. Endelea na linalofuata."

Akaendelea. Niliyekwama pale ni mimi, na nilikwama wiki tatu.

## Hakukosea popote

Kilichonisumbua kwanza ni lile neno "mahali fulani". Ukimwambia mtu amekosea, mwonyeshe alipokosea. Mimi sikuonyesha kwa sababu sikutafuta. Siku kadhaa baadaye, usiku, usingizi umekataa, nikaziandika upya hatua zake nyuma ya bahasha:

40 + x = 4(16 + x)

40 + x = 64 + 4x

40 − 64 = 4x − x

−24 = 3x

x = −8

Nikazikagua mstari kwa mstari. Hesabu za umri zina mitego miwili ambayo karibu kila mtu huinasa miguu yake humo. Wa kwanza ni kumwongezea miaka mmoja na kumsahau mwingine. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kuandika 40 + x = 4 × 16 na kupata x = 24 kwa furaha kabisa: baba anafika miaka 64, mwanawe bado ana 16, kana kwamba alifungiwa kwenye friji. Mtego wa pili ni mabano. Mtu anazidisha nne kwa 16, akifika kwa x anaipita kama hajaiona, na mlinganyo unamgeukia na kudai kwamba 40 ni sawa na 64.

Binti huyu alikuwa ameikwepa yote miwili. Miaka aliiongeza kwa wote, na nne aliipeleka hadi mwisho wa mabano. Hata alipohamisha namba kutoka upande mmoja kwenda wa pili, alama zilibadilika pale zilipopaswa kubadilika.

Basi nikafanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo. Nikalijaribu jibu la kitabu.

Baada ya miaka 8 baba atakuwa na 48 na mwanawe 24. Arobaini na nane ni mara *mbili* ya ishirini na nne.

Si mara nne.

Kisha nikajaribu la kwake. Kuongeza −8 ni kutoa 8. Baba 32, mwana 8. Nne mara nane, thelathini na mbili. Hapana hata chembe ya shaka.

Nilikuwa nimefuta jibu sahihi na kuacha lisilo sahihi, tena kwa kifutio chake mwenyewe.

## Silabi moja

Nadhani najua kilichotokea kitabuni. Aliyetunga swali alitaka kuuliza: *Ni miaka mingapi iliyopita ambapo baba alikuwa na umri mara nne ya umri wa mwanawe?* Hapo jibu ni 8, safi, bila kistari. Mahali fulani kati ya rasimu na kiwanda cha uchapaji, "alikuwa" ikageuka "atakuwa", na sentensi nzima ikaburutwa nyuma yake.

Silabi moja. -li- ikawa -ta-.

Nimekaa na silabi hiyo muda mrefu kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya watu wazima. Sisi tunaosema Kiswahili tumerahisishiwa hesabu hizi na hatujui. Alama ya jumlisha au ya kutoa haipo mbali na kitenzi, imo ndani yake. *Ana* miaka 16: iache namba ilivyo. *Alikuwa*: toa. *Atakuwa*: jumlisha. Mwanafunzi akipiga mstari chini ya -na-, -li- na -ta- kabla hajaandika x yoyote, nusu ya kazi imekwisha. Na akikutana na *alipokuwa* au *atakapokuwa*, ajue sentensi imefungua chumba kingine cha wakati, na kila mtu aliyetajwa anapaswa kuingia humo pamoja.

Ila lugha hiyohiyo ina mahali pa kuteleza. Chukua "amemzidi". *Amemzidi miaka mitatu* haina utata, ni tofauti. Lakini *amemzidi mara tatu*? Mwenye miaka 10 akizidiwa mara tatu, mwenzake ana 30, au ana 10 yake na nyingine 30 juu, yaani 40? Nimewauliza watu wanne ninaowaheshimu, wakagawanyika wawili kwa wawili, na mmoja wao akabadilisha mawazo akiwa katikati ya kujibu. Kwa maoni yangu mtunzi wa hesabu asiitumie kabisa. "Umri wake ni mara tatu ya umri wa..." ni ndefu, lakini haimdhulumu mtu.

## Kisichosogea

Usiku ule wa bahasha nilibaki na swali jingine: ningewezaje kujua, kabla ya kuandika hata herufi moja, kwamba jibu halipo mbele?

Baba amemzidi mwanawe miaka 24. Walitofautiana miaka 24 siku mtoto alipozaliwa, wanatofautiana hivyo leo, na itakuwa hivyo wakiwa wazee wote wawili. Miaka inakwenda, tofauti imekaa palepale kama mwamba ndani ya mto.

Sasa, ukisema umri wa baba ni mara nne ya wa mwana, umesema kwamba baba ana mafungu manne na mwana ana fungu moja. Tofauti yao ni mafungu matatu. Mafungu matatu ni 24, kwa hiyo fungu moja ni 8. Mwana ana miaka 8. Hatukuhitaji mlinganyo, wala x, wala kitu chochote cha kuhamishwa.

Na mwana *leo* ana 16. Hiyo nane imeshapita.

Nikaendelea kwa raha tu, maana usingizi ulikuwa umeshaaga. Mtoto akiwa na mwaka 1, baba ana 25: mara ishirini na tano. Akiwa na miaka 3, baba ana 27, mara tisa. Akiwa na 6, ni mara tano. Na 8, mara nne. Na 12, mara tatu. Na 24, mara mbili. Baada ya hapo inashuka taratibu, moja na nusu mtoto akiwa na 48, na haitafika moja kamili hata waishi wote miaka elfu. Mtoto anamkaribia baba siku zote kwa uwiano, wala hampunguzii hata siku moja kwa tofauti.

Uwiano wa umri wa watu wawili unateremka tu. Haupandi. Leo baba yule na mwanawe wako kwenye mara mbili na nusu. Kuuliza *watafika lini* mara nne ni kumuuliza anayeshuka mlima ni saa ngapi atapita tena kileleni bila kugeuka.

Hili limebadilisha hata namna ninavyochagua herufi. Wengi tumefundishwa kwamba x ni umri wa mdogo, basi. Lakini jaribu fumbo hili la zamani, lililowahi kuwasumbua watu wengi mwanzoni mwa karne ya 20:

*Dada ana miaka 24. Umri wake ni mara mbili ya umri aliokuwa nao mdogo wake wakati dada alipokuwa na umri alio nao mdogo wake leo. Mdogo ana miaka mingapi?*

Soma tena. Nami nilisoma tena, mara tano.

Ukianza na umri wa mdogo utafika, ila utapita vichakani. Anza na kisichosogea. Iite tofauti yao d. Leo dada ana 24, mdogo ana 24 − d. Zamani ile dada alikuwa na umri wa mdogo wa leo, yaani 24 − d, na mdogo siku zote yuko d nyuma yake, kwa hiyo alikuwa na 24 − 2d. Fumbo linasema 24 = 2(24 − 2d). Yaani 24 = 48 − 4d, na d = 6. Mdogo ana miaka 18. Hakiki: dada alipokuwa na 18, mdogo alikuwa na 12, na 24 ni mara mbili ya 12.

Fumbo lililoonekana limejaa watu wanne lilikuwa na watu wawili na namba moja isiyotikisika.

## Waliomkataa mgeni huyu kabla yangu

Nilijifariji kidogo nilipokumbuka kwamba sikuwa wa kwanza kulitimua jibu hasi mlangoni.

Fumbo la umri mashuhuri kuliko yote linamhusu Diophantus wa Alexandria, mwanahisabati wa kale. Linasimulia kwamba sehemu moja ya sita ya maisha yake alikuwa mtoto, moja ya kumi na mbili ikapita hadi akaota ndevu, moja ya saba zaidi ndipo akaoa, miaka 5 baadaye akapata mwana. Mwana akaishi nusu ya miaka ya baba yake, na baba akafariki miaka 4 baada ya mwanawe. Mlinganyo wake ni mrefu, lakini kuna njia ya panya: kama vipindi vyote hivyo ni miaka kamili, umri wake unagawanyika kwa 6, kwa 12 na kwa 7. Kigawe kidogo cha shirika ni 84. Kinachofuata ni 168, na huo si umri wa binadamu. Basi ni 84. Jumlisha 14, 7, 12, 5, 42 na 4 uone.

Mtu huyohuyo, ambaye umri wake tumeugeuza kuwa zoezi, katika kitabu chake alifikia mlinganyo ambao sisi tungeuandika 4x + 20 = 4, akasema ni upuuzi. Jibu lake ni −4. Hakutaka hata kulitazama.

Al-Khwarizmi, aliyeandika huko Baghdad katika karne ya 9 kitabu kilichoipa aljebra jina lake, alifanya kazi yote kwa maneno, bila herufi, na akapanga milinganyo katika aina sita ili pande zote mbili zibaki na vitu vya kujumlisha tu. Hiyo *al-jabr* yenyewe ni kuunga kilichovunjika, kukijaza kilichopunguzwa. Ni neno lililotumika hata kwa kuunga mfupa. Kistari cha kutoa kwake kilikuwa jeraha la kutibiwa. Kule India, Brahmagupta alikuwa ameshaandika kanuni za namba hasi mwaka 628 akiziita deni, na namba chanya mali. Deni watu wanalielewa upesi. Lakini miaka hasi? Nani anadaiwa miaka?

Aliyenikamata hasa ni Augustus De Morgan, mwanahisabati wa Uingereza. Mwaka 1831, akiwa bado kijana wa miaka ishirini na ushee, aliandika kuhusu ugumu wa kujifunza hisabati, na humo akaweka mfano huu: baba ana miaka 56, mwanawe ana 29, ni lini baba atakuwa na umri mara mbili ya umri wa mwanawe? Ukiutatua unapata −2.

Ni swali lilelile, nikakaa wima.

De Morgan hakusema umekosea. Wala hakulikubali jibu kama lilivyo. Kwake kiasi kilicho pungufu ya sifuri kilikuwa jambo lisilo na maana. Alisema jibu la namna hiyo linaonyesha kwamba swali limeulizwa kwa kuelekea upande usio wake. Liulize upya: ni miaka mingapi iliyopita? Miwili. Baba alikuwa na 54, mwana 27.

Hapa ndipo mimi na De Morgan tunapoachana, kwa heshima zote. Yeye anaona kistari kinamrudisha muulizaji akasahihishe swali. Mimi naona mlinganyo ulisikia zaidi ya alichouliza. Sisi tuliuliza kwa -ta-, tukitazama mbele tu. Mlinganyo haujui mbele wala nyuma. Tulipoandika 40 + x tuliondoa kitenzi, tukaondoa na wakati wake; kilichobaki ni *lini*. Ukajibu *lini*. Kile kistari ndiyo -li- ikirudi nyumbani.

(Kando kidogo, kwa kuwa nimemtaja. De Morgan alipenda kusema kwamba alikuwa na miaka x katika mwaka x². Alizaliwa 1806, akawa na miaka 43 mwaka 1849, na 43 mara 43 ni 1849. Waliozaliwa 1980 wameipata bahati hiyo mwaka 2025 walipotimiza 45. Wanaofuata ni watakaozaliwa 2070. Mimi nimezaliwa katikati, na kijicho hicho nitakufa nacho.)

## Kondoo na mbuzi

Lakini hisabati haikuwa ndiyo inayoniuma. Nilichokuwa nakizunguka wiki zote hizo ni kile kifutio.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa ufundishaji wa hisabati huko Grenoble, Ufaransa, waliwapa watoto wa shule ya msingi swali hili: *Katika meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10. Nahodha ana umri gani?* Kati ya watoto 97, 76 walitoa jibu kwa kutumia namba hizo. Nahodha akawa na miaka 36.

Watu hulisimulia hilo wakicheka watoto. Nami nililisimulia hivyo kwa miaka mingi. Lakini watoto wale walikuwa wameshajifunza kitu fulani kuhusu maswali, kwamba swali likiulizwa na mkubwa lazima lina jibu, na kazi yako ni kulifikia hata kwa kumpandisha nahodha juu ya migongo ya mbuzi.

Mimi nilifanyaje? Niliona 8 nyuma ya kitabu na −8 kwenye daftari. Sikujiuliza baba yule na mwanawe wangekuwa na miaka mingapi. Nilipunguza kilichozidi hadi namba zikalingana. Nilikuwa na miaka 41 na nilijumlisha kondoo na mbuzi.

Na mpwa wangu aliyekuwa na wasiwasi, ambao ndio mwanzo wa hisabati yoyote yenye maana, alinitazama nikiufuta wasiwasi huo kwa sekunde tatu.

Nilisita sana kumrudia. Nilijiambia amesahau, ana mitihani mingine, nitamchanganya bure. Visingizio vizuri vyote. Ukweli ni kwamba aibu yangu ilikuwa inatafuta mahali pa kulala.

## Bahasha

Nilimpelekea ile bahasha Jumapili moja mchana. Nikaiweka mezani, nikamwambia, "Siku ile hukukosea. Nilikosea mimi."

Akaisoma polepole. Akalitafuta daftari, akafunua hadi ukurasa ule. Kistari kilikuwa bado kinaonekana kwa mbali, mfereji mwembamba ambao penseli ilikuwa imeuchimba kwenye karatasi. Akakiandika upya, mara hii kwa kalamu ya wino.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilijaribu nane usiku uleule. Ilitoka mara mbili."

"Mbona hukuniambia?"

Akainua mabega. Hakuwa na hasira, na hilo lilinikata zaidi kuliko kama angekuwa nayo.

Kisha akachukua kitabu, akapiga mstari juu ya "Baada ya miaka mingapi", akaandika "Ni miaka mingapi iliyopita" kwa herufi ndogo pembeni, na "atakuwa" akaigeuza "alikuwa". Akafikiri kidogo. Halafu akalichora swali la mwanzo tena chini yake, neno kwa neno, na mbele yake akaandika −8. Yote mawili yakae, akasema.

"Wewe una arobaini na moja?"

"Ndiyo."

Yeye ana 14. Niliona midomo yake ikitoa: ishirini na saba. Ikagawanya kwa tatu: tisa. Hakugusa x.

"Hasi tano," akasema. "Nilikuwa na tisa, wewe thelathini na sita. Ndio mwaka uliniachia baiskeli bila kuniambia, nikaanguka."

"Nilikwambia."

"Hukuniambia, Mjomba."

Akaandika −5 pembezoni mwa bahasha, akaizungushia duara.